Kujiundia sabufa ya sebuleni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila anayeketi sebuleni kwangu na kuambiwa kwamba lile boksi jeusi kando ya kochi nimeliunda mwenyewe huuliza maswali yaleyale. Nimeyapanga kwa kufuata kazi yenyewe inavyokwenda, kuanzia kuchagua spika hadi kumsaka mchawi anayetetemesha dirisha. Hesabu zipo, ila kikokotoo cha simu kinazimudu.

Kwa nini spika zangu za kawaida hazitoi besi ya maana?

Kwa sababu sauti nzito inadai hewa nyingi isukumwe. Ukitaka kushuka oktava moja, yaani hadi nusu ya masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa Hz), tuseme kutoka 60 Hz hadi 30 Hz, bila sauti kupungua, koni, ule utando wa spika unaosukuma hewa, lazima itembee mara nne ya ilivyokuwa ikitembea. Koni ndogo iliyokuwa ikicheza milimita 3 sasa inatakiwa icheze 12, na haina nafasi hiyo. Itagonga au itakwaruza. Sabufa huichukua kazi hiyo peke yake, kwa kawaida kuanzia 20 au 30 Hz hadi 80 hivi, na kuziachia spika ndogo masafa yaliyobaki.

Je, kuunda ni nafuu kuliko kununua?

Ukilinganisha na vile visabufa vidogo vya plastiki, hapana, hutavishinda kwa bei. Ukilinganisha na sabufa kubwa yenye koni ya inchi 12 na boksi zito, mara nyingi ndiyo, mradi usihesabu saa zako za kazi. Mimi sikuzihesabu.

Nichague spika gani?

Usidanganywe na ukubwa wa sumaku wala wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kasha. Tafuta karatasi ya vipimo ya spika hiyo. Spika isiyo na karatasi hiyo iache, hata kama inang'aa vipi, maana boksi lake utalibahatisha.

Katika karatasi hiyo angalia vitu vinne. Fs ni masafa ambayo koni ikiwa wazi bila boksi hupenda kuchezea yenyewe. Kwa sabufa ya sebuleni, 20 hadi 30 Hz ni pazuri. Qts inaeleza jinsi koni inavyozuiwa isiendelee kuyumba baada ya mdundo kukatika. Vas ni kiasi cha hewa, kwa lita, chenye ulaini sawa na ule wa vishikizo vya koni. Xmax ni milimita ambazo koni inaweza kutembea upande mmoja kabla sauti haijaanza kuharibika.

Vipimo hivi huitwa vya Thiele na Small. Neville Thiele, mhandisi wa Australia, aliandika juu ya maboksi yenye tundu mwaka 1961, na Richard Small akaiendeleza kazi hiyo miaka ya mwanzo ya 1970. Bila wao wawili, watu kama mimi tungekuwa bado tunatengeneza maboksi kwa kukadiria kwa macho.

Nina spika ya gari imekaa tu. Inafaa?

Mara nyingi inafaa, hasa katika boksi lililozibwa. Vipimo vyake vitakuambia. Kinachosumbua ni ampli: ampli ya gari inakula umeme wa volti 12 na inaweza kuvuta ampea nyingi, kwa hiyo utahitaji kigeuzi cha umeme chenye nguvu ya kutosha. Kwa wengi ni rahisi kuibakiza spika na kutafuta ampli ya nyumbani. Kumbuka pia kwamba gari ni chumba kidogo kilichofungwa, na kinaipandisha sana besi. Spika iliyokuwa ikitikisa milango ya gari inaweza kuonekana imenywea ikiingia sebuleni.

Boksi lililozibwa kabisa au lenye tundu la hewa?

Hapa watu hugombana. Nitasema la kwangu, kisha nitoe sababu: boksi lako la kwanza liwe la kuzibwa.

Katika boksi lililozibwa, hewa ya ndani ni springi. Koni ikiingia inaibana, ikitoka inaivuta, na hewa huirudisha mahali pake. Edgar Villchur wa Marekani aliitumia hewa kwa namna hiyo katika spika ya AR-1 mwaka 1954, na hapo ikaonekana kwamba boksi dogo nalo linaweza kushuka chini. Uzuri wake ni kwamba linasamehe. Ukikosea lita mbili au tatu, sikio halitajua. Chini ya masafa yake sauti hupungua polepole, desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 12 kwa oktava, na chumba chenyewe hurudisha sehemu ya kilichopotea, kwa kuwa sauti nzito sana hupata nguvu zikifungiwa ndani ya kuta.

Boksi lenye tundu linafanana na chupa unayopuliza mdomoni. Hewa iliyo ndani ya bomba hucheza kwa masafa fulani na kuisaidia koni, hivyo unapata sauti kubwa zaidi kwa wati zilezile. Bei yake ni hii: chini ya masafa ya tundu, sauti inaporomoka desibeli 24 kwa oktava, na mbaya zaidi, koni inabaki bila springi. Mlipuko mmoja wa filamu wenye 15 Hz unaweza kuifanya iruke hadi koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, igonge chuma. Ndiyo maana boksi la aina hii linahitaji ampli yenye chujio la kukata masafa ya chini kabisa. Ukikosea hesabu, besi inakuwa ya noti moja: wimbo wowote, sauti ileile, bum, bum, bum.

Kwa kukadiria tu: spika yenye Qts chini ya 0.4 hupenda tundu, yenye 0.4 hadi 0.7 hupenda kuzibwa.

Nitajuaje boksi liwe la lita ngapi?

Tuchukue mfano. Spika ya inchi 12 ina Fs ya 25 Hz, Qts ya 0.45 na Vas ya lita 90, nasi tunataka boksi lililozibwa.

Spika ikiingia ndani ya boksi, Qts yake hupanda na kuitwa Qtc. Lengo la wengi ni 0.7 hivi, ambapo sauti inakwenda sawa bila kinundu, kisha inashuka taratibu. Gawanya lengo kwa Qts: 0.707 kwa 0.45 ni 1.57. Zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 2.47. Toa 1, inabaki 1.47. Sasa gawanya Vas kwa namba hiyo: 90 kwa 1.47 ni lita 61. Ndilo boksi lako. Masafa ambayo spika itachezea humo ni Fs mara ile 1.57, yaani 39 Hz.

Vipi ukiona lita 61 ni nyingi, na wenye nyumba wengine wakakubaliana nawe kwa sauti kubwa? Jaribu lita 30. Qtc inakuwa 0.9 na masafa yanapanda hadi 50 Hz. Si janga. Utapata kinundu kidogo kabla ya kushuka, na wengine hata hukipenda kwa sababu ngoma zinaonekana zina mwili zaidi. Ila usikae hapo ukingojea zile noti za chini kabisa za kinanda cha kanisani.

Kama hesabu zinakuchosha, kuna programu ya bure iitwayo WinISD. Unaingiza vipimo, inakuchorea mstari. Hata hivyo piga kwa mkono angalau mara moja, ili programu ikikupa jibu la ajabu kwa sababu umekosea nukta, ushtuke.

Lita hizo zinapimwa nje au ndani?

Ndani, ndani, ndani. Boksi langu la kwanza nililipima kwa nje. Mbao za milimita 18 kila upande zilikula karibu robo ya hewa yote.

Kwa mfano wetu, boksi la mraba lenye sentimita 40 kwa kila upande wa ndani lina lita 64. Mgongo wa spika ya inchi 12 unakula kama lita 2, na ubao wa kukaza katikati kama lita 1. Inabaki 61. Ukitumia ubao wa milimita 18, vipande ni vitatu viwili-viwili: juu na chini sm 43.6 kwa 43.6, kulia na kushoto 43.6 kwa 40, mbele na nyuma 40 kwa 40.

Utasikia kwamba boksi la mraba ni mwiko. Kwa spika za kawaida kuna ukweli, lakini kwa sabufa si kitu. Mawimbi yanayoweza kusimama ndani ya sentimita 40 huanza karibu na 430 Hz, na sabufa haifiki huko.

Nimeng'ang'ania tundu. Bomba liwe la urefu gani?

Haya. Chukua kipenyo cha bomba kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 23,562.5. Jibu ligawanye kwa lita za boksi ukiwa umezizidisha kwa masafa unayotaka mara masafa hayohayo. Mwisho toa kipenyo mara 0.732. Boksi la lita 80, masafa 25 Hz, bomba la sentimita 10: unapata sm 47.1, ukitoa 7.3 inabaki 39.8. Bomba la karibu sentimita 40, basi.

Bomba jembamba ni fupi na linaingia kirahisi, lakini hewa ikipita kwa kasi linakoroma kama mtu mwenye mafua. Pana ni bora, ingawa linakuwa refu. Mdomo wake wa ndani usikaribie ukuta wa boksi kuliko kipenyo chake, na nafasi linayokula uitoe kwenye lita.

Mbao gani?

MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) ya milimita 18, au plaiwudi nzito isiyo na mashimo ndani. MDF hukatika vizuri na nyuzi zake hazielekei upande mmoja. Ila ni nzito, na ikilowa maji hufura na hairudi. Vumbi lake ni jembamba sana, hivyo vaa barakoa na ukatie nje. Ubao mwembamba utaimba wenyewe, nawe utaulaumu ubora wa spika.

Ubao wa kukaza usiuruke. Ni fremu tu yenye uwazi katikati, inayoshika kuta nne zisipumue. Ligonge boksi kwa kifundo cha kidole kabla na baada ya kuuweka: mwanzo linajibu kama ngoma, baadaye linajibu kama ukuta.

Ni wapi watu hukosea wakati wa kukata na kuunganisha?

Kwenye duara la spika. Karatasi ya vipimo ina vipenyo viwili, cha fremu ya nje na cha tundu la kukata. Mimi nilichora kwa kile cha nje. Nikakata kwa uangalifu mkubwa, nikasugua ukingo ukawa laini kama sahani, nikaishusha spika, ikazama moja kwa moja hadi sakafu ya boksi. Ubao wa mbele ukarudiwa. Chora duara kwa msumari na kijiti chenye tundu la penseli, toboa shimo ndani ya mstari, ingiza msumeno mwembamba wa umeme, na uzunguke bila haraka.

Kuunganisha ni kazi ya gundi nyeupe ya mbao. Skrubu zinashikilia tu hadi gundi ikauke. Toboa vijitundu kwanza, maana ukingo wa MDF hupasuka ukilazimishwa. Pitisha gundi kwa kidole katika kona zote za ndani, kisha uache usiku kucha. Chini ya fremu ya spika weka utepe wa sponji.

Siku ya kujaribu boksi lililozibwa, cheza sauti tupu ya 30 Hz kwa kiasi, loweka kiganja, ukipitishe polepole kando ya kila kiungo. Penye tundu, hata dogo kama la sindano, utahisi ubaridi unaopigapiga, au utasikia “fs, fs, fs”. Silikoni inamaliza kazi. Tahadhari moja: iache silikoni ikauke kabisa na boksi lipate hewa kabla ya kurudisha spika, kwa kuwa mvuke wa baadhi ya silikoni hula metali.

Ndani niweke pamba?

Kwa boksi lililozibwa, ndiyo: nyuzi za kujazia mito, zilizotandazwa bila kushindiliwa. Boksi litajiona kubwa kidogo. Kwa lenye tundu, bandika kwenye kuta tu na uliache bomba wazi.

Ampli ya wati ngapi?

Chache kuliko unavyofikiri. Kutoka wati 100 hadi 200 unaongeza desibeli 3, tofauti ambayo unaisikia ukiwa makini. Ili sauti ionekane imekuwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa sebule ya kawaida, wati 150 hadi 300 za kweli zinatosha kabisa, na neno kubwa hapo ni “za kweli”. Kama una hamu ya zaidi, sabufa ya pili iliyo sawa na ya kwanza, yenye ampli yake na imewekwa karibu nayo, inaleta desibeli 6.

Angalia omu, yaani ukinzani wa spika kwa umeme. Spika yenye koili mbili za omu 4 ikiungwa kwa mfululizo inakuwa omu 8. Ikiungwa sambamba inakuwa omu 2, na ampli nyingi za nyumbani haziipendi omu 2. Zitachemka, au zitazima katikati ya filamu.

Ampli za bamba, zile zinazopachikwa nyuma ya boksi zikiwa na vitufe vyake vyote, ndizo rahisi kwa anayeanza. Ukitaka kuunganisha ampli iliyo wazi, isiyo na kasha, ujue unaingia kwenye umeme wa ukutani unaoua, na kapasita kubwa hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Hilo mwachie aliyezoea. Fyuzi ikikatika tafuta sababu kwanza. Usiweke kubwa zaidi.

Niiweke wapi?

Swali hili lina uzito kuliko lile la wati, na halina gharama yoyote.

Wimbi la 40 Hz lina urefu wa mita 8.6. Linazidi sebule nyingi, kwa hiyo linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lenyewe. Mahali pengine yanajumlishana, pengine yanafutana. Chumba chenye urefu wa mita 5 kinapenda 34 Hz. Upana wa mita 4 unapenda 43 Hz. Simama katikati ya chumba kisha uende hadi ukutani huku noti moja nzito ikicheza: utaipoteza na kuipata kana kwamba mtu anachezea kitufe cha sauti.

Dawa ni hii, ingawa inachekesha. Weka sabufa juu ya kochi, palepale unapokaa. Cheza wimbo wenye besi inayopanda na kushuka. Kisha tambaa kando ya kuta, kichwa kikiwa usawa wa boksi, usikilize. Ambapo noti zote zinatoka kwa uzito unaolingana, hapo ndipo sabufa ikae. Fanya watoto wakiwa shuleni.

Kona hutoa sauti kubwa kuliko pote, lakini mara nyingi ndipo inapovuma vibaya. Ukitaka kupima badala ya kukisia, kuna programu ya bure ya Room EQ Wizard na maikrofoni ya kupimia. Ile ya simu mara nyingi haishiki vizuri masafa ya chini kabisa.

Vile vitufe vya krosova na fezi navipangaje?

Krosova, yaani mpaka ambapo sabufa inaziachia spika ndogo, anza na 80 Hz. Chini ya hapo sikio halitambui kirahisi sauti inatoka upande gani, kwa hiyo sabufa haijitangazi ilipo. Fezi, yaani kama koni ya sabufa inakwenda pamoja na za spika nyingine au kinyume chake: cheza sauti ya 80 Hz kupitia spika zote, keti mahali pako, mtu ageuze swichi kutoka 0 hadi 180. Iache palipo na sauti kubwa zaidi. Kisha punguza sauti ya sabufa, kwa sababu nina hakika umeizidisha.

Inavuma hata muziki ukizimwa. Spika imeharibika?

La. Ni umeme wa 50 au 60 Hz unaoingia kupitia nyaya, mara nyingi kwa kuwa vyombo vimechomekwa kwenye soketi tofauti na mzunguko umejifunga kupitia waya wa ardhi. Chomeka vyote kwenye soketi moja ya kurefusha, na uutenge waya wa mawimbi mbali na ule wa umeme. Usikate waya wa ardhi kamwe, hata kama mvumo utakoma. Waya huo upo kwa ajili ya uhai wako.

Jirani atasikia?

Atasikia. Sponji za ukutani hazizuii masafa haya, kwa sababu ni nyembamba mno mbele ya wimbi la mita 8. Mpira mnene chini ya boksi hupunguza mtetemo unaoshuka sakafuni, wala si sauti iliyo hewani. Zungumza naye mapema na mkubaliane saa.

Kuna kitu kinatetemeka na siwezi kukiona. Nikipateje?

Cheza sauti inayopanda polepole kutoka 20 hadi 100 Hz, ukiwa na mtu mmoja kwenye kitufe na wewe ukizunguka. Kikianza, mwambie asimamishe palepale kwenye masafa hayo, nawe ugusegusie vitu kwa kidole: kioo cha dirisha, kasha la taa, fremu za picha, bawaba za kabati. Ukigusa chenyewe, kinanyamaza. Mimi nilifungua sabufa mara mbili nikitafuta skrubu iliyolegea, kumbe ilikuwa kioo cha saa ya ukutani kwa 47 Hz. Kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne kiko nyuma yake hadi leo.